Kihisi Hupima Pale Kilipo: Hotuba kwa Wajenzi na Warushaji wa Ndege za Mfano

Ndugu wajenzi, ndugu warushaji, hamjambo.

Tuna jambo moja mezani leo: namna ya kufunga vihisi vya telemetria, yaani vipimo vinavyorushwa kwa redio kutoka angani, kwenye ndege ndogo ya redio ili namba zinazorudi kwenye rimoti ziwe za kuaminika. Kupata namba ni rahisi. Chomeka kihisi chochote kwenye risiva, kile kipokezi cha redio ndani ya ndege, na namba itatokea kwenye skrini. Ugumu uko kwenye kujua namba hiyo inasema habari za wapi, maana kihisi hupima pale kilipo. Kihisi cha joto kilichobandikwa juu ya plastiki ya ESC, kidhibiti cha mwendo wa mota, kinakupa joto la plastiki. Kipima urefu kilichofungiwa tumboni mwa ndege kinakupa mgandamizo wa hewa ya tumboni. Mengi nitakayosema yanatoka hapo.

Kabla hujanunua, jiulize swali hili: namba hii ikibadilika ndege ikiwa angani, nitafanya nini? Seli ya betri ikishuka, unatua. Mlio wa vario, kihisi cha kasi ya kupanda na kushuka, ukipanda, unazunguka papo hapo kufuata hewa inayopanda. Kama huna jibu, kihisi hicho ni uzito na waya wa ziada. Ndege ya umeme inatosheka na viwili: volti za kila seli na mkondo. Ndege ya kuelea (glaida) inahitaji vario kabla ya kitu kingine chochote. Yaliyobaki yasubiri haja.

Tuanze na volti, kwa sababu hapo ndipo ndege nyingi hupona au kupotea. Seli ya betri ya lipo (lithiamu-polima) iliyojaa ina volti 4.20, na ikisukumwa chini ya 3.0 inaharibika. Wengi huridhika na volti za jumla. Sasa fikiria betri ya seli 4 inayoonyesha volti 14.4. Ukigawa unapata 3.6 kwa seli, unasema bado nina nafasi. Lakini seli tatu zikiwa na 3.75 na ya nne ikiwa na 3.15, jumla ni 14.4 ileile. Hiyo ya nne ndiyo itakayovimba, na skrini haikukuambia lolote. Kwa hiyo kihisi kisome kupitia plagi ya kusawazisha, ile nyeupe ndogo inayoingia kwenye chaja, na rimoti itangaze seli iliyo chini kuliko zote.

Plagi hiyo ndogo ina hatari yake, na naomba tuielewe vizuri. Waya wake mweusi umeungana na hasi ya betri. Kupitia kihisi, unaungana pia na hasi ya risiva, na hasi ya risiva inarudi hadi kwenye ESC kwa waya mwembamba wa servo (mota ndogo ya usukani). Sasa chukua betri ambayo plagi ya kusawazisha imeshachomekwa, kisha uunge plagi kubwa. Chanya ikigusa kabla ya hasi, kapasita za ESC zinajijaza kwa mkupuo mkubwa wa umeme, na mkupuo huo unatafuta njia ya kurudi. Njia pekee iliyo wazi ni ule waya mwembamba. Utasikia harufu kabla hujaona moshi, na mara nyingi kihisi na risiva vinaondoka pamoja. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaotumia plagi za mviringo zenye umbo la risasi zilizotengana, chanya peke yake na hasi peke yake. Utaratibu ni huu: plagi kubwa kwanza, ya kusawazisha baadaye. Wakati wa kuchomoa, ya kusawazisha itoke kwanza. Wenye plagi zilizotengana waunge hasi kabla ya chanya.

Wanaotumia betri mbili kwa mfululizo wasikie na hili. Betri mbili za seli 3 zikiungwa hivyo, hasi ya betri ya juu iko takriban volti 12 juu ya hasi ya betri ya chini. Ukifunga kihisi cha volti kwenye kila betri na vyote viwili ukaviunga kwenye laini moja ya data, umegusanisha hasi hizo mbili. Hiyo ni shoti ya betri nzima ya chini kupitia nyaya nyembamba. Pima betri ya chini pekee kwa seli, au tumia kihisi kimoja chenye tundu la seli 6 na waya wa kuunganisha uliotengenezwa kwa mpangilio sahihi, huku ukiupima waya huo kwa multimita, pini kwa pini, kabla haujagusa kihisi.

Kihisi cha mkondo nacho kinakaa kati ya betri na ESC. Aina moja hutumia shunti, yaani kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana. Shunti ya miliomu 1 ikipitisha ampea 50 inapoteza volti 0.05 tu, lakini inatoa wati 2.5 za joto. Usiifungie ndani ya sponji, ipate upepo. Aina nyingine husoma usumaku unaozunguka waya, na hiyo iwekwe mbali na mota na mbali na nyaya nyingine nene, la sivyo itakuonyesha ampea hata mota ikiwa imesimama.

Tusogee karibu tuangalie kiungo chenyewe, pale waya unapoungwa na kihisi kwa risasi ya kusoldia. Menya ncha ya waya mnene kwa milimita 6 hivi, uupake risasi peke yake mpaka nyuzi zote zimeinywa, kisha upake bamba la kihisi peke yake, ndipo uviunganishe. Chuma cha kusoldia kiwe na wati 80 au zaidi na ncha pana, kwa sababu waya mnene unanyonya joto kuliko ncha nyembamba inavyoweza kulitoa. Kiungo kilichoshika kina mteremko: risasi inashuka taratibu kutoka kwenye waya hadi kwenye bamba, na bado unaona umbo la nyuzi chini yake. Kilichokaa kama tone la nta juu ya meza hakijashika, hata kama ukivuta kwa mkono hakitoki. Kwa ampea 50 kitapata moto, risasi italainika, na mota itazima angani.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: usirefushe nyaya kati ya betri na ESC kwa sababu tu kihisi kimetafutiwa nafasi nzuri. ESC inakata na kuunga mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Waya mrefu unapinga mabadiliko hayo ya ghafla, volti zinarukaruka kwenye mlango wa ESC, na kapasita zake zinachemka hadi kupasuka. Ikibidi kurefusha, kanuni inayotumika sana ni kuongeza kapasita ya mikrofaradi 220, aina yenye ukinzani mdogo wa ndani na inayostahimili volti kubwa kuliko za betri, kwa kila sentimita 10 za ziada, karibu kabisa na ESC.

Kihisi cha mkondo kikishakaa, rimoti inajumlisha na kukupa miliampea-saa zilizotumika. Hiyo ndiyo geji ya mafuta ya ndege ya umeme, na kwa maoni yangu ina faida kuliko volti, kwa sababu volti zinashuka ukivuta gesi (ukiongeza nguvu ya mota) na kupanda ukiachia, lakini miliampea-saa zinahesabika tu. Ila isahihishe kwanza. Ruka na betri iliyojaa, andika alichosema kihisi, kisha chaji mpaka ijae tena na uandike chaja imerudisha kiasi gani. Kihisi kikisema 1,500 na chaja ikarudisha 1,650, gawa ya pili kwa ya kwanza: 1.10. Zidisha kipimo cha mkondo kwenye rimoti kwa namba hiyo. Rudia kwa safari tatu uchukue wastani, maana safari moja inaweza kudanganya. Na ukibadilisha betri, rudisha hesabu kwenye sifuri. Wapo wanaoiweka hesabu hiyo ibaki hata rimoti ikizimwa, halafu wanaruka na betri mpya huku kengele ikilia tangu dakika ya kwanza.

Sasa twende kwenye urefu na vario. Hapa naomba utulivu, kwa sababu hiki ndicho kihisi kinachofungwa vibaya kuliko vyote na kulaumiwa bure.

Kipima urefu ni barometa. Karibu na usawa wa bahari, kupanda mita 1 kunapunguza mgandamizo wa hewa kwa paskali 12 hivi. Chipu za leo zinatambua badiliko la sentimita 10, yaani paskali 1 na kitu. Ni kifaa chepesi kuhisi kupita kiasi, na kinahisi kila kitu. Ndege inayokwenda mita 20 kwa sekunde inakutana na mgandamizo wa upepo wa paskali 245. Gawa kwa 12: mita 20. Maana yake ni kwamba upepo ukiingia moja kwa moja ndani ya bodi kupitia tundu la kupoza mota na usipate pa kutokea, kihisi kitasema uko mita 20 chini ya pale ulipo. Tundu la nyuma likiwa kubwa na likinyonya, kitasema uko juu zaidi. Na hata ikiingia nusu tu ya mgandamizo wa upepo, ukiinamisha pua ukatoka mita 12 hadi mita 20 kwa sekunde, namba inaruka mita 6 na nusu bila ndege kuwa imeshuka kiasi hicho. Kwenye sikio lako vario inalia kama hewa inashuka kwa nguvu, nawe unakimbia hewa njema.

Tiba yake ni kuchagua mahali. Kiweke kihisi nje ya njia ya hewa ya kupoza, nyuma ya ukuta wa ndani, kwenye sehemu ya bodi isiyo na tundu la mbele. Kifunike kwa sponji yenye vinyweleo wazi, ile unayoweza kupulizia na hewa ikapita. Ikandamize kidogo tu. Sponji hiyo inafanya kazi mbili: inatuliza misukosuko ya hewa na inazuia mwanga. Mwanga? Ndiyo. Baadhi ya chipu hizi, kama MS5611 inayotumika sana, zina kitundu juu, na mwali wa jua ukipenya humo usomaji unaruka. Ndege yenye kioo cha rubani kilicho wazi ikigeuka kuelekea jua, vario inapiga kelele. Usizibe kitundu hicho kwa gundi au selotepu. Ukiziba umetengeneza kipimajoto.

Kihisi hicho pia kikae mbali na ESC na mota, kwa kuwa joto likipanda haraka usomaji unateleza. Washa ndege, subiri dakika mbili tatu, ndipo uweke sifuri ya urefu. Ukiweka sifuri mara tu baada ya kuwasha, utatua kwenye uwanja uleule na skrini itasema uko mita kadhaa juu au chini ya ardhi.

Kwa kasi ya hewani tunatumia bomba la pitoti. Ncha yake itangulie mbele ya ukingo wa bawa, nje ya upepo wa propela, sambamba na mwelekeo wa ndege. Mirija miwili ya silikoni inakwenda kwenye kihisi: mmoja wa mgandamizo wa mbele, mwingine wa mgandamizo tuli. Ukiichanganya, kasi inabaki sifuri siku nzima. Upimaji wake ni mzuri na hauhitaji kifaa cha bei. Chukua mrija mwangavu, ukunje kama herufi U, uweke maji kidogo, unga upande mmoja na bomba la pitoti, kisha sukuma hewa taratibu mpaka tofauti ya maji iwe milimita 10. Hizo ni paskali 98, na rimoti inapaswa kusoma mita 12.6 kwa sekunde, takriban kilomita 45 kwa saa. Ongeza hadi milimita 40 na kasi inapaswa kuwa mara mbili, kwa sababu mgandamizo hukua kwa mraba wa kasi. Bana mrija na usubiri dakika moja. Maji yakishuka, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni pale mrija unapoingia kwenye pua ya kihisi.

Wakati wa kuwasha, funika ncha ya pitoti kwa kitu chepesi kuzuia upepo usiharibu sifuri. Usiibane kwa kiganja. Joto la mkono linapandisha mgandamizo ndani.

GPS nitaipitia haraka. Upande wa antena, lile bamba la kauri, utazame juu, na juu yake pasiwe na kaboni faiba, kwa sababu kaboni inazuia mawimbi. Iwe mbali na kirushaji cha video. Subiri iwe imeshika setilaiti 8 au zaidi kabla ya kuruka, ingawa 4 zinatosha kimahesabu kukupa mahali na urefu. Na kumbuka kwamba kasi ya GPS ni ya ardhini. Ukiruka kufuata upepo, GPS itasema unakwenda mbio huku bawa likiwa karibu kuishiwa hewa. Usitegemee namba hiyo kuzuia ndege isianguke kwa mwendo mdogo.

Kihisi cha mizunguko kinachosoma waya wa mota kinahitaji idadi ya sumaku. Mota yenye sumaku 14 ina jozi 7. Ukiandika 12, kila namba itazidi kwa asilimia 17. Kinachosoma kwa mwanga kinahitaji idadi ya mapanga ya propela, na kina kipimo cha bure: kielekeze kwenye taa ya zamani ya tyubu inayotumia umeme wa hezi 50, ukiwa umeweka mapanga 2, na kisome mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwa hezi 60 ni 3,600. Joto: bandika kwenye chuma chenyewe, kwa kugusana kabisa. Basi.

Vihisi vikishakuwa viwili au zaidi, vinazungumza kwenye laini moja, na hapo kila mfumo una kanuni yake. Kwenye S.Port, laini ya vihisi ya kampuni ya FrSky, risiva inaita kwa namba ya utambulisho, na namba ziko 28. Vihisi viwili vya aina moja hutoka kiwandani na namba ileile; ukivifunga pamoja vinajibu kwa wakati mmoja na kuharibiana ujumbe, hivyo vinatokea na kupotea kwenye skrini kama waya umelegea. Unga kimoja, badilisha namba, ndipo uunge cha pili. Kwenye S.BUS2 ya Futaba kuna nafasi 32, na GPS peke yake inachukua 8 zinazofuatana, kwa hiyo ipangie nafasi kwanza, vidogo vifuate. Mfumo wowote ule, soma volti ambazo kihisi kinastahimili. Risiva inayolishwa volti 8.4 kwa ajili ya servo zenye nguvu inapitisha volti hizohizo hadi kwenye kihisi, na kihisi cha volti 5 hakitapata nafasi ya pili.

Kwenye mfumo wa redio wa ExpressLRS kuna uwiano wa telemetria, yaani kati ya vipakiti vingapi ndege inapewa kimoja cha kujibu. Ukiwa na vipakiti 250 kwa sekunde na uwiano wa 1:64, ndege inapata nafasi ya kujibu mara 4 tu kwa sekunde, na vihisi vyote vinagawana hizo. Vario itachelewa na utakuwa umeshapita hewa inayopanda. Weka 1:8 upate nafasi 31.

Usiruhusu vihisi viharibu mawasiliano ya uongozi. Antena ya gigahezi 2.4 ina sehemu inayofanya kazi ya milimita 31 mwishoni, na sehemu hiyo isipite kando ya waya wa kihisi, betri wala kaboni. Antena mbili zikae kwa pembe ya digrii 90. Ukisikia "telemetria imepotea," usitaharuki. Jibu la ndege hukatika mara nyingi kabla ya amri zako kukatika. Geuza ndege irudi kwa utulivu.

Uzito una hesabu yake pia. Kihisi cha gramu 12 kilichowekwa sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito kinadai gramu 36 kwenye pua iliyo sentimita 20 mbele yake. Kiweke karibu na kitovu, na pima kitovu upya hata kama umeongeza kidogo.

Kengele ziwe chache. Kwa seli ya chini: onyo volti 3.5 na dharura 3.3, zote zikiwa na ucheleweshaji wa sekunde 3 ili kuvuta gesi kwa ghafla kusiziamshe. Kwa betri ya miliampea-saa 2,200, sauti itangaze matumizi yakifika 1,540, na iamuru kutua yakifika 1,760. Zaidi ya kengele nne tano, sikio linaacha kusikiliza, na siku ya hatari halitaitofautisha.

Mwisho ni majaribio ya ardhini, propela ikiwa imetolewa. Washa kila kitu. Tikisa kila plagi moja moja huku mwenzako akitazama rimoti; kihisi kikipotea hata kwa nukta moja, plagi hiyo irudiwe na ifungwe kwa plastiki ya kunywea kwa joto. Fanya jaribio la umbali wa redio mara mbili, vihisi vikiwa vimechomolewa na vikiwa vimechomekwa, na linganisha hatua ulizofika. Umbali ukipungua baada ya kuchomeka, chomoa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji, hamisha waya wake mbali na antena, urudie. Baada ya hapo rudisha propela, mtu mwenye nguvu aishike ndege, na fungua gesi yote kwa sekunde 10 ukiangalia seli ya chini, ampea, na ule mstari wa urefu: ukicheza kwa zaidi ya mita moja au mbili ndege ikiwa mkononi, hewa bado inaingia mahali ambapo haikualikwa.

Karibuni kwa maswali.